Kivuli cha Baraza la Bangwe

Kosa nililigundua Ijumaa mchana, wakati natafuta kitu kingine kabisa. Nilifungua faili la nyumba ya Bangwe, kando ya ziwa, ili nipunguze mwanga wa taa ya sebuleni, maana taa ikiwa nyeupe mno picha nzima inaonekana ya uongo. Nikaona mshale wa kaskazini. Ulikuwa umeelekea kusini.

Kazi yangu, ya kwanza tangu nimalize chuo, ni kutengeneza picha za kompyuta za nyumba ambazo bado hazijajengwa, mteja azione kama zipo. Karibu kila kitu ni mwanga. Kivuli kisiwe na ukingo mkali kama kimekatwa kwa wembe. Sakafu nyekundu irudishe wekundu kidogo darini. Hayo nilikuwa nimeyafanya vizuri. Ila nilianza kwa kunakili faili langu la chuoni, la nyumba ya ufukweni Dar es Salaam, ambako maji yako mashariki, wakati huku kwetu yako magharibi. Nikaweka saa kumi na moja jioni. Jua likaja kutoka nyuma ya nyumba, na baraza linalotazama ziwa likatulia kwenye kivuli laini. Mimi niliyezaliwa Ujiji, niliyeliona jua likizama nyuma ya milima ya Kongo utoto wangu wote, sikushtuka.

Mteja alikuwa mama aliyeanika dagaa mchangani kwa miaka mingi, mpaka mng'ao wa jua juu ya maji ukamharibia macho. Nyumba nzima aliitaka kwa sababu ya baraza lile, akae jioni atazame ziwa bila kujifunika uso. Alipoiona picha alisema, "Hapa naweza kukaa." Na mawe ya msingi yangepangwa Jumamosi.

Nilifikiria kunyamaza. Nilifikiria kumwandikia ujumbe, nikauandika na kuufuta mara nyingi. Nikamwona bosi akinifukuza, nikamwona mama ndani ya nyumba mpya, uso kwenye kanga. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoninyanyua kitini.

Nilimkuta kiwanjani na fundi, kamba zimeshafungwa kwenye vigingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unatetemeka, una malaria?"

Nikamwambia yote. Fundi akacheka. "Injinia, jua letu umeliazima Dar es Salaam?"

Mama hakucheka. Aliomba kiti cha plastiki, akakiweka ndani ya kamba za baraza, akakaa. "Tungoje," akasema.

Tulingoja. Ilipokaribia saa kumi na mbili jua lilishuka likatupiga usoni, na ziwa likawaka lote kama bati jipya. Machozi yakamtoka. Nilitamani ardhi inimeze. Akavua kanga ya mabegani, akanipa upande mmoja na fundi upande mwingine. "Inueni, hilo ndilo paa. Sasa shusheni." Tukashusha. "Tena." Kivuli kilipofika machoni mwake, kanga ilikuwa imeshaficha ziwa lote.

"Basi hapa sipati vyote viwili," akasema taratibu.

Kisha akajivuta na kiti chake mpaka pembe ya kaskazini ya nyumba, akakigeuza ubavu kwa ziwa. Akaniamuru nisimame mahali ambapo ukuta ungekuwa, kati yake na jua. Kivuli changu kikamwangukia. Akafumbua macho yote mawili.

"Naona maboti ya Mwamgongo yanakuja kutoka kaskazini. Kwa ubavu, lakini nayaona." Akamgeukia fundi. "Ng'oa vigingi. Na wewe, nenda kaniwekee jua lenyewe safari hii, hata kama linaumiza."

Bosi alinisikiliza hadi mwisho, akasema suala la kubaki kwangu kazini atalifikiria. Bado analifikiria.

Picha ya pili niliitengeneza kwa jua la hapa, saa ile ile aliyolia. Ukuta wa mbele umeungua kwa mwanga hadi rangi imepotea. Pembeni kuna baraza dogo lenye kivuli na kiti kimoja. Si picha nzuri. Aliikubali.

Tangu msingi upande, nimeenda Bangwe jioni mara tatu kukaa juu ya mawe ya pembe ile, macho wazi, kuhakikisha. Ukuta haujafika usawa wa macho bado, na jua linanipiga. Najua litazuilika. Nimepima. Kesho nitakwenda tena na kanga, niitundike mahali pa ukuta.