Mtani Wangu wa Mwaka wa Kwanza

Mpaka leo nikikumbuka utaratibu ule, damu inanichemka. Ilikuwa enzi za Mwingereza, katika chuo cha ualimu nje kidogo ya Temeke. Mkuu wetu, Mzungu, aliamua kila mwanafunzi wa mwaka wa pili amlee mgeni mmoja wa mwaka wa kwanza. Mimi Mzaramo nikapewa Mnyamwezi. Mtani wangu! Mtu ambaye desturi inamruhusu anitukane, nami nimtukane, na asiwepo wa kukasirika, atanisikiliza vipi?

Hakunisikiliza. Nikimwambia kengele ya pili ikilia mlango wa darasa unafungwa, anacheka. Nikimwambia Mkuu hapendi viatu vichafu, anawaita wenzake waje wasikie uongo wa watu wa pwani. Nikaenda kwa Mkuu kuomba nibadilishiwe mgeni. Akauliza kama tumegombana. Nikasema hapana, ni mtani wangu.

"Basi vizuri," akasema, "mnaelewana."

Nilitoka nimenuna.

Kisha ukaja mtihani wa kufundisha. Aliyeukosa alirudishwa nyumbani, na huyu kwao alikuwa wa kwanza kupata chuo. Nilikuwa na hofu naye kuliko alivyojihofia mwenyewe. Somo lake lilipangwa Jumatano. Ijumaa kabla yake Mkuu akatuambia sisi walezi kwamba limesogezwa, sasa ni Jumatatu asubuhi, tuwaarifu wageni wetu.

"Mtani, ni Jumatatu," nikamwambia.

"Unataka nikaaibike mbele ya watoto wa watu!"

"Wallahi vile, mie leo sikutanii."

"Mzaramo na viapo vyake!"

Nikamletea mwenzangu athibitishe. Mtani akasema nimempanga. Jumatatu asubuhi nikamvuta atoke kitandani. Akajifunika shuka gubigubi, anacheka humo humo.

Mchana Mkuu akaniita. Akaniagiza nikamwambie afunge mizigo, gari la kumpeleka stesheni linakuja jioni. Nilimkuta anapiga pasi suruali ya Jumatano. Nikamweleza yote, sikuacha neno. Akacheka mpaka akakaa kitandani. Uchungu ukanizidi, nikaanza kulia mbele yake. Hilo nalo halikumshtua, maana watani hulia machozi ya uongo hata misibani, na yeye alikwisha kuwaona wengi.

"Hapo umejitahidi," akaniambia. "Lakini toa sauti, mtani. Kwa kilio hicho hata msibani hupewi wali."