Hina ya Rukiyo Siku ya Jumanne

Rukiyo nimekua naye hapa Garissa, ua kwa ua, na sijawahi kumwona akipaka hina bila arusi wala Idi. Jumanne ile alipaka mikono yote miwili, nene kama tope, akaifunga vitambaa.

Baba yao aliacha kiwanja na nyumba viwe wakfu wa familia. Wadhamini ni watatu: Yahye, kaka mkubwa, Rukiyo, na Abdijabar, mdogo wao, anayeuza ngamia Wajir. Ndani ya nyumba anaishi Nafiso, mjane wa ndugu yao, na wanawe. Nilikuwepo karani wa kadhi alipowasomea hati ya wakfu: hakuna uamuzi bila watatu kukubaliana, na jambo likiharibika watajibu wote, hata aliyenyamaza. Kaka zake walikuwa wanasinzia. Rukiyo alimwambia karani arudie.

Sasa Yahye akaja na karatasi na kidau cha wino. Kuna mtu alitaka kukodi kiwanja chote ajenge ghala, na anangoja jibu kabla ya alasiri.

“Abaayo, dada yangu, weka dole gumba hapa. Abdijabar nitamweleza mimi.”

“Na Nafiso aende wapi?”

“Tutamtafutia pahali. Weka basi!”

Rukiyo akainua mikono. “Kwa dole gani, walaal, kaka yangu? Hina haijashika. Hata chai nanyweshwa na huyu jirani.”

“Wallahi! Umri huu, unaolewa na nani?”

“Na mtu asiye na haraka.”

Nilicheka mpaka chai ikammwagikia Rukiyo. Lakini moyo wake niliujua. Kumkatalia kaka mkubwa usoni hakuweza, na kukubali alikuogopa. Kwa hiyo alfajiri, Yahye alipopiga simu kwamba anakuja, yeye alimpigia Abdijabar aje upesi, halafu akakoroga hina.

Abdijabar alishuka kwenye lori saa nane, vumbi mpaka kwenye kope. Wakabishana, sauti zikapanda, mwisho wakapatana: ghala likae upande wa barabara, nyumba ya Nafiso isiguswe. Mwenye ghala alinuna kidogo, akakubali. Kaka wawili wakatia sahihi. Ndipo Rukiyo akanawa, na dole lake jekundu likaingia kwenye wino.

Yahye alikuwa amekwisha kuielewa ile hina. “Na Abdijabar angechelewa?” akauliza, akijizuia kucheka.

“Bado nilikuwa na miguu ya kupaka,” akasema Rukiyo.