Mara Mbili Mezani

Kila Jumanne mwalimu wa matamshi alivua viatu vyenye theluji mlangoni kwa Gunnvor, akaingia na soksi za sufu, akagonga meza kwa kifundo cha kidole, mara moja kwa kila silabi. "Hen-te," yaani kuleta kwa lugha yao. "Kas-te," kutupa. "Kichwa cha neno kwanza, Eilert. Mkia utafuata." Tangu apatwe na kiharusi, Eilert alikwama kwenye kichwa cha kila kitenzi, na Gunnvor, mkewe, akawa anammalizia. Mwalimu hakummalizia hata siku moja. Alingoja mpaka kahawa ikapoa, mkono umetulia mezani, uso mkunjufu kama wa mtu anayeota jua.

Jumanne ya tisa neno lilikuwa "ven-te," kungoja. "Ven...," alisema Eilert, jasho likimtoka. Gunnvor akafungua mdomo. Mwalimu akatoa mkobani soksi aliyokuwa akiifuma mwenyewe, akamtilia mikononi.

"Nifumie mistari miwili, mama."

"Jamani, huoni anavyoteseka?"

"Yuko kazini huyo."

Eilert akainua mkono wake uliobaki mzima, akagonga meza mara mbili, akimkazia mkewe macho. "Ven-te!"

"Haya, bwana," Gunnvor akasema, akaanza kufuma. "Nangoja."