Begi Lililotoka Chunya

Pale Mlandege, msibani kwa jirani yangu, ndipo nilipolichukia neno "jikaze". Mumewe alifukiwa na shimo la dhahabu huko Chunya. Siku ya tatu baada ya mazishi sebule ilikuwa bado imejaa kina mama waliokuja kumfariji. Kumfariji! Mmoja anamwambia, "Jikaze mama, bado kijana wewe, utapata mwingine." Wa pili, wali umemjaa mdomoni, anauliza marehemu aliumia kichwa au kifua. Wa tatu anampiga picha aweke status, halafu anageuka kulalamika kwamba nyama ni mifupa mitupu. Loh! Nilishikwa na kinyaa.

Mimi si mtu wa maneno, nilijisemea, mimi ni wa kazi. Kila asubuhi nilifagia uwanja wake na kusugua masufuria, huku nawatazama wenzangu kwa jicho la pembeni.

Wachimbaji wenzake marehemu walikuwa wameleta begi la nguo zake. Jirani alilipokea mwenyewe, akalisukuma uvunguni mwa kitanda.

"Hili liache, dada," aliniambia. "Bado lina jasho lake."

Nilimsikia vizuri tu, masikio yangu hayana ugonjwa. Ila nilijifanya najua zaidi. Nikasema moyoni, hayo ni majonzi yanaongea. Kukaa na nguo chafu za marehemu ni kujitesa bure.

Siku ya tano alikwenda kaburini na wakwe zake. Nikalivuta lile begi. Shati moja, suruali na fulana, zote zimeganda vumbi jekundu. Jamani, nilizifua! Nilibadilisha maji beseni tatu, nayaona yanatoka mekundu, naimba pambio. Ndiyo, niliimba. Kola ya shati ilikuwa na weusi wa shingo yake. Niliipiga brashi mpaka ikatakata, nikajipongeza.

Aliporudi alisimama mbele ya kamba nilikozianika. Akalishika lile shati, bado linachuruzika, akaliweka puani akavuta pumzi. Akahamia kwenye suruali. Akaenda kwenye fulana, kisha akarudi tena kwenye shati. Nilisubiri anitukane. Nilitaka kabisa anitukane.

"Zinanukia sabuni," alisema.

Halafu akanigeukia, akanishika mkono.

"Asante, dada," akasema. "Umejichosha."

Mpaka leo nikifua nguo za nyumbani kwangu, ile harufu ya sabuni inanichefua, na anayenichefua hasa ni mimi mwenyewe na kiherehere changu. Wale kina mama nilishaacha kuwasema. Yule wa wali alimaliza sahani yake akaenda zake. Mimi nilimwaga mume wa mwenzangu mferejini, beseni tatu, huku naimba.