Arepa ya Jibini

Mpaka rangi wa bomba la mafuta hushika brashi kwa vidole vitatu, utadhani anampaka bibi harusi wanja. Kila adhuhuri humpigia kelele Yoleida, muuza arepa, vimkate vya mahindi vya kujazwa, pale gatini: "Shemeji, ya kaa! Ujaze, usinibanie!" Yoleida huwatega kaa hao majini, chini ya bomba lilelile.

Leo, pale maji ya chumvi yalipokila chuma, brashi ilizama hadi mpini, ikatoka ikichuruzika mafuta. Akaifuta kwa suruali, akapaka kingo za tundu zikang'aa.

"Hulizibi?" Yoleida akauliza.

"Nimeajiriwa kupaka, shemeji, si kuziba."

Yoleida akamfungia arepa yake ya kaa.

"Leo nipe ya jibini," mpaka rangi akanong'ona, macho pembeni.

Foleni nzima nyuma yake ikataka jibini.