Mkanda Mpya wa Safari ya Pangani

Wakuu, salamu kwenu nyote. Haya yalinikuta mwenyewe miaka ya sabini, nikiwa kijana, na nayasema kama yalivyokuwa.

Nilikuwa na gari, Pijo kuukuu, na miguu isiyotulia. Leo Tanga, kesho Mtwara. Mke wangu, Mwanahawa, akachoka kukaa Bagamoyo peke yake. Tukakubaliana kuachana bila matusi. Nimrudishe kwao Pangani na vyombo vyake, talaka niitoe mbele ya wazee wake.

Tulipofika Makurunge tukagonga tela la trekta. Mikanda ya viti ikatushika. Yeye akabaki na alama begani.

Tukavutwa kurudi Bagamoyo. Fundi Sefu alipomaliza kunyoosha boneti akaushika mkanda wa abiria. Nyuzi zimefumuka, bolti ya sakafuni imepinda.

"Shemeji, huu sasa wa kufungia mbuzi."

Mwanahawa akacheka. "Basi mie sipandi mpaka uje mpya."

Enzi hizo spea zilikuwa adimu. Dar nikakosa. Ubena kulikuwa na gari la ajali, mikanda yake mizuri kwa macho. Nikaiacha. Mkanda uliokwisha kumzuia mtu kwenye ajali, usimfunge mwingine.

Miezi ikaenda. Tunakula sahani moja. Jioni ananiuliza, "Bado?"

"Bado."

Wala hakuwa na haraka, au ndivyo nilivyotaka kuona.

Baharia mmoja akaniletea mikanda mipya kutoka Mombasa. Nikakaa garini kitambo, boksi mapajani. Ningeweza kulificha kwenye buti, naye angebaki.

Nikaikumbuka ile alama begani. Nikampelekea Sefu.

Mikanda ya wakati ule haikujivuta yenyewe. Ulikuwa unaipima kwa mwili wa mtu. Siku ya safari nikamkazia wake.

"Wanibana, bwana weye!"

"Ndiyo kazi yake."

"Leo ndiyo umejua kunishika?"

Nikawasha gari.

Nilirudi kutoka Pangani peke yangu, mkanda umelala kwenye kiti kitupu kwa kipimo cha Mwanahawa. Sikuugusa mpaka nilipouza gari.

Ndugu zangu, baada ya ajali msiishie kwenye bodi na rangi. Kagueni mikanda na bolti zake. Siku hizi na airbag pia, ile mifuko ya hewa: iliyokwisha kufunguka hairudishwi, inawekwa mpya. Fanyeni hivyo hata kama abiria wenu ni wa safari moja tu.

Aliyewahi kumfunga mtu mkanda akijua anamsindikiza, aseme hapa. Nipo, nasoma.