Siku Niliyowasha King'ora cha Kiwanda

Mpaka leo nikipita sokoni kuna watu wananiita Mama King'ora, na siwezi kuwalaumu, maana aibu yenyewe niliipata mchana kweupe, mbele ya maharusi, watu wa zimamoto na mama mkwe wangu.

Mama mkwe hakupenda tangu mwanzo mwanawe Idrisa ahamie Morogoro kwa ajili yangu. Kwake huu ulikuwa mji wa viwanda vilivyokufa, basi. Sasa alikuwa amemtafutia Idrisa kazi Dar, kwa mjomba wake, na Jumamosi ile akapanda treni ya umeme kuja kuchukua jibu. Idrisa alishaanza kulegea (nilimjua kwa namna alivyokuwa akikwepa mazungumzo), na mimi Dar sikutaka hata kuisikia, kwa hiyo nikajisemea huyu mama leo ataiona Moro mpaka akubali.

Idrisa alikuwa kazini, nikampokea mwenyewe stesheni, shikamoo mama, marahaba mwanangu, moja kwa moja nikampeleka kula kwenye kile kiwanda cha nguo alichofanyia kazi marehemu baba mpaka kikafungwa. Siku hizi pale palipokuwa na mashine ni mgahawa, ghala limekuwa ukumbi wa harusi, uani wamepanda maua, na unakula huku milima ya Uluguru yote iko mbele yako. Mama mkwe akala kuku wake wa kienyeji, akatazama huku na huku, akasema, "Pazuri," kama mtu anayemeza kwinini.

Hapo ningenyamaza, mambo yangekwisha salama. Lakini akaona kidude chekundu ukutani, akauliza ni nini, nami nikamweleza kwamba ni king'ora cha kuitia watu zamu, zamani mji mzima uliamka nacho, sasa ni pambo tu.

"Kilikuwa kinaliaje?" akauliza.

Ningeweza kuigiza kwa mdomo. Badala yake nikainuka, nikabonyeza kitufe, nikijua hakifanyi kazi (kumbe mwenye mgahawa alishakitengeneza, na kibao cha USIGUSE kilikuwa kimefunikwa na ua). Kikaanza taratibu kama ng'ombe anayeumwa, halafu kikapanda mpaka vijiko vikatetemeka mezani, na kitufe kikanasa ndani, kikakataa kutoka. Ukumbini bibi harusi ndiyo kwanza alikuwa anaingia, vigelegele vikakatika, watu wakatoka mbio, baba mmoja akiwa na sahani yake ya pilau na hakumwaga hata punje. Mlinzi naye akaona asaidie, akapuliza filimbi. Mara getini wakaanza kuingia watu wa mitaa ya jirani, wazee na kina mama na ndoo zao za maji, wakijua kiwanda kinaungua, na nyuma yao gari la zimamoto.

Mwenye mgahawa akakimbilia swichi kubwa, akazima umeme wote. King'ora kikanyamaza, muziki wa harusi nao ukafa, feni zikasimama.

"Nani kabonyeza?" akauliza kwa upole, na hakukuwa na haja ya kuuliza, maana nilikuwa bado nahangaika na kitufe kwa pini ya mtandio.

Nikapanda juu ya kiti ili wote wanisikie. "Jamani, hakuna moto. Ni mimi. Nilikuwa namwonyesha mama mkwe."

"Basi ameona," akasema yule mkubwa wa zimamoto, akageuza gari lake.

Ndipo Idrisa, aliyejua tuko pale na king'ora akakisikia huko kazini, akashuka kwenye bodaboda, bado yuko na ovaroli, jasho linamtoka, akaniuliza neno moja tu. "Mama?"

Nikageuka, kiti chake kitupu. Tukazunguka jikoni, ukumbini, chooni, nikijiona kabisa narudishwa kwetu, mpaka tukamkuta karibu na geti, kwenye benchi, katikati ya wale kina mama wa ndoo. Mmoja anampepea kwa khanga, mwingine anamnywesha maji, na yeye anacheka mpaka anafuta machozi. Kitufe kikanasuliwa, umeme ukarudi, bibi harusi akaingia upya, na wale wa ndoo wote wakakaribishwa pilau, mama mkwe akiwa mstari wa mbele.

Jioni stesheni Idrisa akakohoa. "Mama, kuhusu ile kazi."

"Mjomba wako atatafuta mtu mwingine," akasema mama. "Nilipoanguka bafuni pale kwangu nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, jirani akaongeza redio. Leo mtu hanijui hata jina, kaja na ndoo." Halafu akanigeukia. "Ila wewe, mwanangu, vitu vya watu uviache."

"Nimekoma, mama."

Na kweli nimekoma. Mgeni akija siku hizi namwacha ale, aangalie milima, aamue mwenyewe. Treni ilipoondoka nilikaa palepale chini, nikacheka na kulia kwa pamoja, mpaka Idrisa akaniinua akaniambia twende nyumbani.